Chawa Saba wa Akiteng

Akiteng alizaliwa na pua isiyomfaa mtu wa kuishi Malaba. Malori hapo hupanga foleni kutoka mpaka wa Kenya na Uganda hadi macho yanapokoma, madereva hulala ndani siku mbili tatu, na kando ya barabara hutupwa chupa za plastiki zilizojaa kitu ambacho si soda. Asubuhi ukichanganya hizo chupa na dizeli na samaki mkavu, unapata harufu ambayo wenyeji wameizoea na Akiteng alikataa kuizoea. Kila siku ya kazi alipita katikati yake na blauzi nyeupe, mdomo wa juu ameuinua kidogo ili uzibe matundu ya pua.

Jumatatu moja ya mwezi wa nane alikuwa ameketi kwenye benchi la Mama Janat, anayeuza chai karibu na geti la maegesho. Sketi yake ya bluu alikuwa ameikusanya magotini isiguse mguu wa meza. Mbele yake palikuwa na chapati moja, chai, na faili lililopakwa rangi nne: njano kwa sheria, waridi kwa tarehe, kijani kwa hati, na rangi ya machungwa kwa yale yaliyomwangusha mwaka jana na mwaka juzi. Midomo ilikuwa inamchezacheza. Ukurasa ule alikuwa anausoma kwa mara ya kumi na tatu.

Kijana mmoja akaja akasimama mbele yake bila kusalimu. Alikuwa mrefu, shati la kitenge la mikono mifupi, suruali ya kaki iliyonyooshwa vizuri, na viatu vyake vilikuwa safi, jambo ambalo Akiteng aliliona haraka kwa sababu Malaba viatu safi ni adimu. Lakini macho alikuwa ameyafumba nusu, ameielekezea chapati uso, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesali.

"Jino," alisema. "Jino la mzee limeingia kwa chapati. Limeoza, limeshika nyama ya jana."

"Unasema nini wewe?"

"Meno matatu. La tatu bado liko na damu."

Akiteng aliirudisha chapati kwenye sahani. Kinywani alihisi kabisa ugumu wa kitu ambacho hakikuwemo.

"Boss, umelewa saa hii?"

Kijana alifumbua macho akashtuka. "Ai, pole sana dada. Sikukuona."

"Hukuniona, na unaongea na chapati yangu?"

"Mimi nilikuwa naona meza. Hiyo meza ni kituo changu cha nne."

"Huyo ni Egesa, ni karani wa malori," Mama Janat alisema kutoka kwenye jiko lake, bila kugeuka. "Kila asubuhi anakuja kutapisha wateja wangu, na andazi hanunui. Nimeshamwambia apeleke hayo masomo yake kwa mwenye kuuza sumu ya panya."

Egesa hakuwa anasikia. Alikuwa ameliona faili. "Kumbe wewe pia unafanya mtihani wa forodha? Wa Novemba?"

"Inakuhusu?"

"Nafanya pia. Hebu funga hiyo file kidogo. Ukurasa umetoka kusoma sasa hivi, unasema nini?"

Akiteng alifungua mdomo amwonyeshe. Akili ilimletea rangi ya machungwa, kona ya chini, upande wa kushoto, na doa dogo la chai. Maneno yenyewe hayakuja.

"Iko chini, kushoto," alisema.

"Na rangi?"

"Machungwa."

"Rangi hawaulizi," Egesa alisema, kwa upole, na huo upole ndio uliomuudhi zaidi. Akiteng alilipa chapati ambayo hakuila, akachukua faili lake na kuondoka. Njia nzima hadi ofisini alikuwa anausafisha ulimi wake kwa meno.

Ofisi yao ilishughulika na kuondoa mizigo forodhani, na Akiteng alikuwa ameketi kwenye meza ya hati kwa miaka mitano bila cheti cha uwakala. Mtihani wa mwisho ulikuwa umemwangusha mara mbili, na mara zote mbili palepale, kwenye njia sita za kukadiria thamani ya mzigo. Alizijua. Alizisoma usiku na mchana. Akiingia chumbani zinatoka kama maji kwenye ungo. Mkubwa wake, Madam Yvonne, alikuwa amemwita akafunga mlango.

"Akiteng, mimi nakupenda, lakini sheria imebadilika. Hakuna mtu atakaa kwa hiyo meza bila cheti. Novemba ndiyo ya mwisho. Ukianguka, utanisamehe."

Kumsamehe kwenyewe maana yake ilikuwa kurudi Angurai, kijijini kwao. Si kwamba hakumpenda mama yake, Petronilla, au shamba lake la wimbi. Ila Angurai ilikuwa na wajomba, na wajomba walikuwa na mtungi wa ajono jioni, na mirija ile ndefu ya kunywea pombe ilipita kutoka kinywa hadi kinywa, mate ya huyu yakimkaribisha yule. Alishaambiwa na mmoja wa wanywaji hao kwamba akichoka na kazi ya mjini kuna mgane mwenye ng'ombe wengi anayetafuta mke. Mgane huyo alikuwa na kidonda mguuni kilichokuwa na umri sawa na Akiteng.

Kwa hiyo Jumamosi alipofika Busia kwenye darasa la maandalizi, katika chumba cha kukodi pale Burumba, na kumkuta Egesa ameketi kwenye kiti cha pembeni mwa kile kilichobaki wazi, hakuondoka. Alikaa, akavuta kiti mbali kidogo.

Mwalimu wao, Mathews, alisoma kitabu kwa saa tatu kwa sauti, akasema ukimaliza kitabu anza tena, akaenda kula. Egesa aligeuka.

"Wacha nikuulize, dada wa chapati. Jana ulikula nini mchana?"

"Wali."

"Ulikuwa mtamu?"

"Sijui. Ulikuwa wali tu."

"Na uliwahi kukuta mende kwa wali?"

"Tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu," Akiteng alijibu bila kufikiri. "Ile hoteli iko nyuma ya stendi. Alikuwa mende wa kahawia, mguu mmoja wa nyuma haukuwepo, na mimi nilikuwa nimeshakula nusu."

Egesa alifunga kitabu chake. Kisha akacheka taratibu, mabega yakitetemeka. "Mungu amekupa kipaji, wewe unakitumia kukunja pua."

Akamweleza. Kitu kizuri akili inakipitisha tu. Kitu cha kutia kinyaa inakishika, kwa sababu tangu zamani aliyesahau kilichooza alikufa. Basi chukua njia unayoijua, simama mahali pale pale kila siku, na kila mahali weka uchafu mmoja unaobeba jibu. Halafu usisome. Jiulize. Acha siku ipite, jiulize tena. Acha tatu, acha wiki. Kile kinachotaka kutoka ndicho ukirudie.

"Nani alikufundisha ujinga huu?"

"Mimi mwenyewe niliangushwa mara moja. Nikakaa nikajiuliza kwa nini sikumbuki sheria, lakini nakumbuka dereva alitapika kwa viatu vyangu nikiwa na miaka ishirini."

Akiteng alisema ni upuuzi. Jumatatu alianza.

Njia yake ilitoka kwenye ploti aliyopanga hadi ngazi za ofisi. Bafuni, ambako wapangaji sita walitumia tundu moja la maji, aliweka kipande cha sabuni chenye nywele za watu, risiti imenata juu yake: njia ya kwanza, bei iliyolipwa hasa. Kwenye mtaro aliweka panya wawili waliokufa, hawatofautiani hata sharubu: bidhaa zilizo sawa kabisa. Kwa mchinja kuku aliweka vichwa viwili vinavyokaribia kufanana, kimoja kimekosa jicho: bidhaa zinazofanana. Choo cha geti hakikuhitaji kubuniwa. Kila apitaye huongeza lake juu ya la mwenzake, na ndivyo njia ya tano ilivyo: gharama ya malighafi, ongeza vibarua, ongeza faida. Kwenye ngazi za ofisi mlinzi alikuwa anakwangua kwa kijiko mabaki ya yote matano na kuyatia kwenye bakuli, na hiyo ndiyo njia ya sita, ya kutumia yaliyobaki ukikosa yote.

Kituo cha nne kilikuwa kwa Mama Janat. Hapo palihitaji kitu cha kuanzia bei ya sokoni na kuondoa tabaka kwa tabaka: faida, usafiri, ushuru, hadi ufike kwenye thamani ya mpakani. Akiteng alikuwa bado hajamsamehe mtu chapati yake. Akilini mwake alimkalisha Egesa pale benchini, akampa mguu wa mbuzi uliooza, akamwacha aumenye kwa kucha, tabaka baada ya tabaka, funza wakimwangukia kwenye shati la kitenge, hadi abaki na mfupa. Kisha akamfanya aulambe ule mfupa. Alifurahi sana siku hiyo. Hakumwambia.

Simu zikaanza. Mwanzoni zilikuwa za mtihani tu.

"Kituo cha tano," Egesa angesema badala ya haloo.

"Nakula, Egesa."

"Unakula nini?"

"Nilikuwa nakula ndizi na maharagwe. Sasa nimeacha. Malighafi, vibarua, faida. Umefurahi?"

"Nimefurahi sana. Kunywa maji."

Wiki ya tatu simu zikawa ndefu. Wiki ya sita Egesa alianza kupiga hata siku ambayo ratiba ilisema apumzike.

"Leo si siku ya kuulizana," Akiteng alimwambia.

"Najua. Nimepiga nisikie ukikasirika. Nikikaa siku mbili bila kuambiwa mimi ni mchafu nakosa usingizi."

"Wewe si mchafu. Akili yako ndiyo imeoza."

"Na moyo?"

"Moyo sijaufungua nikaona ndani."

"Fungua basi, mpenzi. Ukikuta mende usipige kelele."

Akiteng alicheka peke yake chumbani hadi jirani akagonga ukuta. Hivi ndivyo mwanamke aliyechukia kuguswa mkono na watu wasionawa alivyojikuta anaushika mkono wa mtu kando ya malori, mbele ya wanaomfahamu. Egesa alinuka sabuni ya kipande na karatasi. Alinawa kabla ya kula na baada ya kula. Na alipombusu mara ya kwanza, nyuma ya kibanda cha Mama Janat, Akiteng aligundua amesahau kufikiria vijidudu.

Mwezi wa kumi alimpeleka Egesa kwao Angurai. Alivaa gauni la zambarau lenye mkanda, nywele zimesukwa mistari midogo iliyomchukua siku nzima, kichwa kinang'aa mafuta. Mama Petronilla aliwasongea atapu, ugali wa wimbi, akaweka kuku kwenye mchuzi wa karanga. Egesa alikula mpaka akalegeza mkanda, akamshukuru kwa Kiteso cha kuombea maji, "eyalama noi, toto," yaani asante sana mama, na mama akacheka akafuta macho. Walipoondoka alimnong'oneza binti yake, "Huyu ni mtu. Hata pua yako imekubali."

Zilikuwa zimebaki wiki mbili na siku moja kabla ya mtihani. Egesa alikuwa ameketi na Akiteng kwa Mama Janat, daftari lake la vituo mezani, dereva mmoja akamwita kwa sababu ya hati zilizokwama dirishani.

"Nakuja sasa hivi," alisema. "Angalia kituo cha nane, nikirudi uniulize."

Akiteng alifungua cha nane. Kilikuwa mzoga wa mbwa na sheria za ghala, cha kawaida tu. Upepo, au kidole, ukafunua ukurasa unaofuata. Juu yake pameandikwa: *Kituo cha tisa. Mlangoni kwa Akiteng.*

Aliona jina lake akatabasamu. Akasoma.

*Akiteng ameketi kizingitini. Nywele zimesukwa, ndani mna chawa saba, wanene, kila mmoja amebeba hati ya mzigo wa kupita. Wa kwanza anatokea sikioni na ankara. Mama Petronilla anawatoa mmoja mmoja, anawatafuna, ananipakulia kuku kwa mkono huo.*

Alisoma tena. Mkono wake wenyewe ulipanda kichwani, ukashuka. Alihisi wanatembea. Alihisi kabisa, saba, nyuma ya masikio, na akamwona mama yake akisogeza sahani ya kuku kwa vidole vyenye damu ya chawa.

Egesa alirudi anajifuta jasho. "Haya, uliza."

"Kituo cha tisa," Akiteng alisema.

Alimwona akibadilika uso. "Akiteng. Ngoja nikueleze."

"Si ulinifundisha mwenyewe? Ulisema tafuta kitu kinachokutia kinyaa kuliko vyote, ndicho kitashika. Umetafuta, ukanipata mimi."

"Sio hivyo."

"Umepata na mama yangu. Mwanamke amekuchinjia kuku, wewe ukamwekea chawa mdomoni. Ulikuwa unakula huku unaandika?"

"Niliandika jana. Hizo hati saba zilikuwa zinatoka kila mara. Nimeziweka kwa choo, kwa mtaro, kwa mzoga, zinatoka. Kwako ndio mahali pekee akili yangu haiwezi kupita bila kusimama. Basi nikaziweka hapo. Ni mahali tu, mpenzi."

"Usiniite mpenzi na chawa zako."

"Akiteng, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Wewe unaniona hivi kila siku, mara ngapi? Ukinishika kichwa unahesabu?" Alisimama, akajifunga leso juu ya nywele zilizokuwa safi kuliko sahani zote za Malaba. "Unanitia kinyaa, Egesa. Huo uongo kwamba unanipenda ndio unatia kinyaa zaidi."

Mama Janat alifunika sufuria.

Egesa alipiga simu mara kumi na moja siku hiyo. Alituma ujumbe: *Nimefuta.* Kesho yake: *Nimechana ukurasa.* Akiteng hakujibu. Alienda kwa msusi akafumuliwa nywele zote, akaosha kichwa mara tatu, akavaa kilemba. Alibadilisha hata upande wa barabara ili asipite kwa Mama Janat. Jioni, akijiuliza vituo kitandani, alitoka bafuni akaenda mtaroni, akaenda kwa mchinja kuku, akavuka barabara, akatokea chooni. Cha nne alikipita mbali. Alijiambia anakijua, hakitaki kurudiwa.

Mtihani ulifanyika Busia, kwenye ukumbi wenye mabati yaliyopasha vichwa joto. Egesa alikuwa safu ya mbele, shati jeupe, shingo imekonda. Akiteng alikaa nyuma akaikunja pua kwa mazoea, kwani mtu wa kulia alikuwa amejipaka manukato ili asioge. Akageuza karatasi.

Swali la tatu lilikuwa pale pale linapokuwaga. Eleza, kwa mpangilio, njia sita za kukadiria thamani ya mzigo. Alama ishirini.

Aliandika ya kwanza, sabuni na risiti. Aliandika ya pili na ya tatu. Akaja kwenye ya nne na kalamu ikasimama. Barabara ilikuwepo, lori zilikuwepo, lakini upande ule palikuwa na ukungu. Alijaribu kuruka aandike ya tano, akakumbuka mpangilio ndio unaotolewa alama. Ukiruka moja zote zilizobaki zinakaa pasipo pake. Saa ya ukutani ilikuwa inasonga. Aliiona meza yake ofisini ikiwa na mtu mwingine. Alimwona yule mgane, akamwona na mguu wake.

Akafumba macho, akavuka barabara kwenda kwa Mama Janat.

Egesa alikuwepo. Alikuwa ameketi benchini na shati lake la kitenge, mguu wa mbuzi mkononi, funza wakimpanda hadi viwiko. Alimenya tabaka la faida akalitupa. Akamenya usafiri. Akamenya ushuru. Akabaki na mfupa, akaulamba mpaka mwisho, akainua uso akamtazama Akiteng kwa macho yale ya upole.

Ndipo alipojikumbuka mwenyewe. Ni yeye aliyemkalisha pale. Tangu mwezi wa nane, huku akimwita mpenzi, huku akimpelekea mama yake mgeni, kila siku ya ratiba alikuwa anamshikisha ule mguu na kumlambisha ule mfupa, ili yeye apate cheti. Na hata siku moja haikumpunguzia upendo. Hata siku ile ya kumbusu nyuma ya kibanda, kinywa kilikuwa hicho hicho, na hakikumnukia.

Alijiona mchafu. Kinyaa hiki hakikupitia puani na hapakuwa na sabuni yake. Aliandika njia ya nne mpaka mstari wa mwisho, akaendelea na ya tano na ya sita, na alipomaliza karatasi ilikuwa imelowa mahali alipoegemeza mkono.

Alipotoka nje Egesa alikuwa ameshatoka zamani. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa daraja dogo la mtaro, anatazama maji meusi.

"Ulimaliza mapema," Akiteng alisema.

"Nilikuwa na kidogo cha kuandika."

Alikaa kando yake, kwenye saruji yenye vumbi, na sketi ya bluu. "Egesa, nikuambie kituo changu cha nne."

Akamwambia. Mguu, kucha, funza, mfupa. Egesa alisikiliza bila kupepesa.

"Nilikuwa naulamba?"

"Unaulamba."

"Tangu lini?"

"Agosti."

"Na ulikuwa unanibusu?"

"Kinywa hicho hicho." Akiteng aliyatazama maji meusi. "Nisamehe. Nilikutukana kwa kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nakufanyia, na mimi nilianza kabla yako."

Egesa alicheka, halafu kicheko kikamwishia njiani. "Swali la tano uliliona? Hati saba za mzigo wa kupita."

"Rahisi. Wewe ulikuwa nazo zote."

"Sikuandika hata moja."

"Kwa nini?"

"Nilitembea vizuri mpaka cha nane. Nikafika mlangoni kwako. Nikakukuta umeketi, umevaa lile gauni la zambarau, nywele safi. Chawa hakuna. Ningeweza kuwarudisha, ilikuwa kitu cha dakika moja. Nikaona nikiwarudisha nitakuwa nimekudanganya niliposema nimefuta." Aliinua mabega. "Nikapita. Nikaacha nafasi wazi."

"Egesa. Alama ishirini."

"Ishirini."

Akiteng alitaka kumpiga. Alimwita mjinga, kwa Kiswahili na kwa Kiteso, akamwambia hakuna ujinga unaotia kinyaa kama wa mtu anayetupa maisha yake ili aonekane muungwana, kisha akaufunika uso kwa kilemba chake na kulia pale pale darajani, watahiniwa wengine wakipita.

Matokeo yalikuja Desemba kwa simu. Akiteng alipata sabini na mbili. Madam Yvonne alimkumbatia akammiminia soda. Egesa alipata hamsini na sita, na kupita kulihitaji sitini. Kuanzia hapo hakupokea simu. Siku nne Akiteng alipiga, siku ya tano aliacha meza yake saa nne asubuhi, akatoka kumtafuta.

Alimkuta katikati ya foleni, kati ya lori la simiti na lori la vitunguu vilivyoanza kuoza, anajaza karatasi juu ya goti. Chini palikuwa na kila kitu ambacho Akiteng alikichukia duniani. Alipita juu yake na viatu vyake vya ofisini.

"Kwani simu yako imekufa?"

"Naona haya," Egesa alisema. "Nilikuwa nimepanga mwezi huu nilete wazee kwa mama yako. Sasa nitasema nini? Kwamba mimi ni mtu wa kuanguka mara mbili?"

"Mtihani utarudiwa Mei. Mimi sirudiwi."

Egesa aliinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Kwa hivyo utaleta wazee Jumamosi," Akiteng aliendelea, "na kuanzia leo unaanza kusoma. Hizo hati saba hazikai mahali pengine, umesema mwenyewe umejaribu choo, umejaribu mzoga. Basi ziweke pale pale."

"Hapana. Nilishafuta."

"Mimi nimekwambia uweke."

"Na mama?"

"Mama nimemwambia. Amecheka mpaka amekaa chini. Amesema kama chawa watamletea mkwe mwenye cheti, yeye atawatafuna kwa chumvi."

Madereva wawili walikuwa wamenyamaza kusikiliza, mmoja ameshika chupa yake ya plastiki. Akiteng alifungua kilemba taratibu, akakikunja, akakitia mfukoni. Nywele zilikuwa zimesukwa upya, mistari midogo, zinanuka mafuta ya nazi. Akasogea karibu na kumwinamishia kichwa pale katikati ya foleni.

"Wa kwanza," alisema. "Ametokea wapi?"

Egesa alikunja karatasi zake kwanza.

"Sikioni," alisema. "Amebeba ankara."

Mwili wote ulimsisimka Akiteng kwa kinyaa, kutoka shingoni hadi visigino. Alifumba macho, akakiacha kichwa pale pale.

"Wa pili," alisema.